Kwa Nini Tunayaita Soprano

Wiki niliyorudisha funguo nilimsikia mmoja wenu, daktari kijana ambaye hajamaliza hata mwaka kwetu, akimwambia mwenzake, "Hebu angalia, soprano wake wanatoa damu." Mwenzake akachukua kioo, akainama, akaangalia meno manne ya mbele ya chini. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza. Nikabaki pale mlangoni na koti mkononi nikijiuliza, hawa watoto wanadhani hilo neno limetoka kitabuni? Basi kaeni niwaambie. Nimestaafu, nina wakati, na mnajua mdomo wangu haujawahi kuchukua likizo.

Vyeo sitavitaja. Mshahara ndio kabisa, mwulizeni mhasibu, naye atawachekea. Nitawaambia kazi.

Kazi ya meno niliianzia nyumbani magharibi, nikiwa msichana mwembamba. Mnaweza kucheka, nimewapa ruhusa. Lakini kliniki hii niliingia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati ilikuwa bado katikati ya jiji, orofa ya tano, juu ya duka la viatu. Lifti ilikuwa na kibao: "Haifanyi kazi kwa sasa." Hiyo "kwa sasa" tuliiacha pale pale tulipohamia Westlands. Mgonjwa alikuwa anafika juu akihema kama ametoka mbioni, na ukimpima presha unaweza kumkimbiza hospitali bure. Kwa hivyo sheria ya kwanza niliyojifunza kwetu haikuwa ya meno: mkalishe mtu, mpe gazeti, mwache moyo urudi chini, ndipo umwambie fungua mdomo.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Daktari Oluoch, bingwa wa fizi, ambaye nyinyi mnamjua kwa picha tu pale mapokezi. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi hadi linakata, na maneno yake aliyatoa moja moja kana kwamba anayanunua. Hakuniuliza nimesomea wapi. Alinipa kile chuma chembamba chenye alama za milimita, kile cha kupimia ufizi umeachana na jino kwa kina gani.

"Kiweke chini ya ukucha wa kidole gumba chako," akasema. "Sukuma."

Nikasukuma. Nikasema, "Aii!"

"Sasa umejua. Ikikuuma hapo, mgonjwa atalia. Punguza."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya asubuhi ile. Nilikaa siku nzima najidunga ukucha kama mwenda wazimu, na mpaka leo nikishika chuma kipya huanza na kidole changu. Mkiona mwanafunzi anasukuma kile chuma kama anachimba viazi, mpeni ukucha wake kwanza.

Mimi nami nilikuja na desturi yangu, na Daktari aliiacha isimame. Sikuwa namwuliza mtu kama anapiga mswaki. Mkenya gani atakwambia hapana? Kila mtu anapiga, asubuhi na jioni, tena kwa kiapo. Nilikuwa nampa mswaki mpya, namweka mbele ya kioo, namwambia piga kama unavyopiga nyumbani, halafu nafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kulikuwa kugumu, lakini mkono wa mtu husema ukweli ukiachwa peke yake.

Sasa ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi ya kuingia kwenye mifupa, akaingia mama mmoja na binti yake. Mama alikuwa fundi wa nguo kule Kawangware, na tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni, alitoka kazini akasahau kuivua. Binti, Njoki, alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mfupi, shavu la mviringo, kofia ya sufu nyekundu. Njoki alizaliwa na ile hali iitwayo Down, na alizaliwa pia na amri. Kabla mama yake hajasema lolote aliangalia chumba chote, akaniangalia mimi, akauliza, "Mkubwa hapa ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. Daktari Oluoch alikuwa nyuma yangu. Hakukataa.

Mama Njoki akakaa ukingoni mwa kiti. "Habari ya asubuhi, sista. Sitaki kukupotezea wakati, nauliza tu. Hizi meno za kubandika, mtu anaweza kuimba nazo?"

Nimeulizwa maswali mengi kwa hiki kiti. Hilo sikuwa nimelisikia.

Ikabidi aeleze. Njoki alikuwa anaimba kwaya ya kanisa lao, sauti ya kwanza, mstari wa mbele. Kwa miaka miwili fizi zilikuwa zinavimba na kutoa damu, na sasa meno ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza. Mahali pengine walipoenda, sipataji, waliangalia dakika moja wakasema hakuna cha kuokoa: alazwe, apigwe nusukaputi, yang'olewe yote ya mbele na mengine ya nyuma, mambo yaishe. Siku ilikuwa imeshawekwa, mwezi wa tisa. Na waliongeza neno.

"Walisema ni uchafu," Mama Njoki akasema, akaanza kuizungusha tepu kwa vidole. "Walisema hawa watoto wa hivi wazazi huwa wanawaachilia tu. Mbele ya watu wakasema. Na dada ya bwanangu pia husema hivyo. Na mimi huyu mtoto namwosha meno na mkono yangu, sista, kila siku ya Mungu."

Njoki akadakia, "Sitaki kutolewa. Nikitolewa 's' inatoka 'th'. Nitaimbaje 'mtakatifu'?"

Haki, moyo uliniuma. Mtu amefikiria kila kitu. Wakubwa walikuwa wanahesabu meno, yeye alikuwa amefika kwenye herufi.

Nikafanya desturi yangu. Nikampa Mama Njoki mswaki mpya, nikamwambia amwoshe binti yake kama nyumbani. Na nawaambia, yule mama alikuwa anajua kuosha. Alisimama nyuma ya Njoki, akakilaza kichwa kwenye kifua chake, akazunguka taratibu juu, ndani, nje, mpaka magego ya mwisho ambayo wengi wenu mnayasahau kwenye midomo yenu. Halafu akafika mbele chini. Mkono ukainuka. Ukaruka yale meno manne mtu anavyoruka dimbwi la maji barabarani, ukatua upande wa pili, ukaendelea.

Nikauliza polepole, "Mama Njoki, hapo katikati mbona umeruka?"

"Si hapo kuna kidonda? Nikigusa inatoka damu. Naiacha ipone kwanza."

"Umeiacha tangu lini?"

Akafikiria. "Tangu ianze kutoka damu."

Hilo kosa ni letu sote katika nchi hii. Goti likitoka damu unaliacha, kidole kikitoka damu unakifunga, basi ufizi nao watu huuonea huruma. Ufizi hautaki huruma. Ufizi unaotoka damu ndio unaolia uoshwe, na ukiuruka unajenga ukoga, na ukoga unauvimbisha zaidi, na damu inazidi, na mama naye anazidi kuruka kwa mapenzi tu. Lakini nilipoangalia kwa kioo nikaona jambo jingine. Ukoga ule haukutosha kuleta uharibifu ule. Hata pale mama alipokuwa anaosha vizuri kabisa, fizi zilikuwa nyekundu, zimetutumka, na mifuko mirefu pale ufizi ulipoachana na jino. Na meno yenyewe hayakuwa na tundu hata moja. Mimi mwenyewe nina matundu zaidi.

Nikamwita Daktari. Akapima jino kwa jino, akaangalia eksirei kwenye mwanga wa dirisha, kwa maana ile taa ya ukutani ilikuwa na tabia za lifti. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Alivuta kiti, akakaa chini kuliko mgonjwa, akaanza kuongea. Maneno mengi, mfululizo. Nilidhani ni mgonjwa.

"Mama, Njoki anaimba kanisani. Kanisani kuna spika ngapi?"

"Mbili, daktari. Moja kila upande."

"Mwili wa kila mtu una maagizo yake, yamefungwa kwenye vifurushi vinaitwa kromosomu. Kila kifurushi tunacho viwili viwili. Kile cha ishirini na moja, Njoki ana vitatu. Hiyo ndiyo Down, hilo unajua. Lakini ndani ya kifurushi hicho kuna jeni kadhaa ambazo kazi yake ni kusikia mwili unapopiga kelele kwamba kuna adui. Mimi nina spika mbili za kelele hiyo. Yeye ana tatu."

Mama Njoki aliacha kuzungusha tepu.

"Kwa hivyo ukoga kidogo ukikaa kwenye ufizi wangu, mwili wangu unasikia mtu amekohoa. Wake unasikia radi. Unawasha vita kubwa, uvimbe, joto, damu, na vita hiyo ndiyo inayokula mfupa unaoshika jino. Na juu ya hayo, chembe zake nyeupe za damu, askari wenyewe, zinachelewa kufika kwenye tukio."

"Zikifika," nikaongeza, "zinapiga kila mtu, hata mwenye nyumba."

Daktari akaniangalia. "Ndivyo," akasema.

Akamgeukia Mama Njoki. "Hata mngefanana kwa kuosha, wewe na yeye, fizi zake zingeumia zaidi kuliko zako. Ndivyo alivyozaliwa. Kuosha kunasaidia sana, na pale mbele lazima pawe panaoshwa, lakini huu ugonjwa haukuletwa na uchafu."

Chini barabarani mhubiri wa jioni alikuwa ameanza asubuhi. Mama Njoki akasema kwa sauti ndogo sana, "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

"Si mimi," akarudia. Halafu akachukua ile tepu, akafuta macho na sehemu ya inchi. Nami nililia, na aliyeniona nikilia ni Njoki tu, ambaye aliniambia, "Anti, pua."

Kuambiwa si wewe ni dawa, lakini haikazi jino. Daktari aliwaambia wazi: hatuwezi kutoa ile spika ya tatu, hakuna wa kuitoa. Tunachoweza ni kuondoa kila anayekohoa. Tutakwangua mpaka chini ya ufizi, tutarudia kila baada ya wiki chache badala ya ile miezi sita ya watu wengine, na nyumbani mama ataosha hasa pale panapotoka damu. Wasogeze ile siku ya kung'oa. Ikifika Krismasi mfupa bado unaliwa, yeye mwenyewe atayang'oa, tena kwa haki. Mama Njoki akakubali. Njoki akamwambia, "Hutang'oa," kama anayemjulisha mpango.

Kwanza tukamtuma kwa daktari wa moyo. Hapo msicheze. Wengi wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo, na ukikwangua fizi zilizovimba vijidudu huingia kwenye damu na kutafuta mahali pa kukaa. Wakatuambia moyo wake uko salama. Ndipo tukaanza, yaani ndipo tukashindwa.

Njoki hakufungua mdomo. Nilibembeleza, nikaimba, nikaonyesha lile taya kubwa la plastiki. Wapi! Alipofungua mara moja niliingiza kidole kwa furaha, naye akafunga. Kovu ninalo, nawaonyesha nikinunuliwa chai. Mara ya pili nikawasha ile mashine ya kukwangulia, inayotetemeka na kumwaga maji, ambayo mlio wake ni ule mwembamba wa kuchoma masikio. Njoki akaruka kitini. Mama yake akasema, "Ngai, basi tuache tu," na nikaona ile siku ya kung'oa inarudi mlangoni.

Lakini Njoki alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Nikabonyeza tena kidogo.

"Huyo ni soprano," akasema.

"Nani?"

"Hiyo mashine. Anaimba soprano. Lakini hajafunzwa."

Akaweka mkono kifuani, akaitafuta ile sauti, akaipata. Haki ya Mungu, alisimama pale pale juu ya ule mlio, safi kabisa, mashine na msichana sauti moja. Na mtu akiimba sauti ya juu hivyo anafanya nini? Anafungua mdomo! Nikaingia.

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na mgonjwa tena, kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Njoki ndiye aliyepanga. Meno manne ya mbele ya chini yakawa soprano, kwa sababu yanasimama mbele na yanaonekana. Pembeni yakawa alto na tenor, na magego besi, "kwa sababu ni manene na hupenda kukaa nyuma." Alitufundisha pia kumaliza. Mwalimu wao wa kwaya alikuwa akitaka wimbo ukatike anakunja ngumi hewani. Njoki akikunja ngumi, mashine inazimwa, hata kama nimebakiza kidogo. Akifungua mkono, tunaendelea. Alipojua kwamba ngumi yake inaheshimiwa, hofu yote ilimtoka. Nyinyi mnawaambia wagonjwa wote wakunje ngumi wakitaka kupumzika, wakubwa kwa wadogo, mameneja wa benki na wote. Mwalimu wenu ni yeye.

Daktari Oluoch, mtu mzima na digrii zake ukutani, alikuwa anauliza kwa sauti yake ya msibani, "Rodah, soprano wanaendeleaje?"

"Wanalia, Daktari."

"Besi?"

"Besi wametulia."

Mpaka mwezi wa kumi na mbili mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Damu imepungua, ule wekundu umeshuka, Mama Njoki anaosha pale mbele bila kuruka, akisali kwanza, lakini anaosha. Halafu wakaenda Krismasi kwa nyanya yake kule Limuru. Njoki akapata homa na mafua, siku kadhaa hakutaka kuguswa mdomo, na ile vita ikawaka upya. Nilikuwa nafagia mbele ya nyumba yangu pale Woodley, kliniki imefungwa kwa sikukuu, simu ikalia. Ilikuwa Mama Njoki, akilia.

"Sista, limetoka. Limetoka kwa uji."

Jino moja la mbele, la katikati. Amelishika mkononi.

Niliketi kwenye ngazi na ufagio. Nawaambieni ukweli, nilifikiri tumeshindwa. Nilifikiri yale matatu yatafuata moja moja kwenye uji, na wale waliosema ng'oa yote watakuwa wamesema kweli, na yule mama atarudia kujiuliza kama ni yeye. Lakini mdomo ukasema wenyewe, "Usilitupe! Lifunge kwa kitambaa safi chenye maji. Uje nalo tukifungua."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Daktari alijua. Alipoliona kwenye kitambaa alitabasamu. Hilo nalo halikuwa la kawaida.

"Tumepoteza mzizi," akamwambia Njoki. "Hatujapoteza kwaya."

Kwanza tulirudi kwenye fizi, ziara baada ya ziara, mpaka zikatulia. Kisha asubuhi moja Daktari akakata mzizi wa lile jino, akabakiza kichwa chake tu, akakisugua kikang'aa. Akakirudisha mahali pake, akakishikanisha na majirani kwa waya mwembamba nyuma na ile gundi ya meno inayogandishwa kwa taa ya buluu. Yale matatu yaliyokuwa yanacheza yakashikana na kukazana. La nne likasimama katikati yao bila mzizi, mbele ya watu, zuri kuliko yote.

Njoki alichukua kioo, akatazama sana. Tukasubiri hukumu.

"Huyu haimbi," akasema, akigusa lile la katikati kwa ncha ya ulimi. "Anafungua mdomo tu."

Daktari Oluoch alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka wagonjwa wa mapokezi wakanyoosha shingo. Kila kwaya ina mmoja wa hivyo, na yeye, alituambia akipangusa macho, ndiye alikuwa huyo shuleni.

Krismasi ilikuwa imepita na ile ahadi ya kung'oa pia, lakini hakuna aliyeikumbusha. Tuliendelea. Mwaka huo wote, kila wiki chache, mama na binti walipanda ngazi zetu. Njoki alikuwa anafika juu anapumzika, anachukua gazeti na kulishika juu chini, kisha anasema, "Presha iko sawa, tuanze." Nilimfundisha kushika mswaki mwenyewe, mpini tukauongezea unene kwa mpira wa baiskeli ili mkono wake uushike vizuri. Huo ni ufundi wa kuiba, ibeni. Mama akabaki msimamizi.

Halafu ikaja siku ya eksirei mpya. Daktari alizipachika zote mbili dirishani, ya kale na ya sasa, akasimama muda mrefu mikono nyuma. Nilimjua, alipokuwa na habari mbaya alizisema haraka. Akapima tena jino kwa jino, mimi nikiandika. Alipofika mbele chini akapita na kile chuma mara mbili. Hakuna damu. Akapita tena. Hakuna.

"Mfupa umesimama pale pale," akasema. "Haujaliwa hata kidogo tangu mwaka jana. Soprano wamenyamaza."

"Kwaya hainyamazi!" Njoki akamkemea.

"Samahani. Wametulia."

Mama Njoki alipiga vigelegele kule orofa ya tano, vile vitano vya Kikuyu anapozaliwa mvulana, sijui kama aliruhusiwa, na mimi nikaongeza vyetu vya magharibi. Mgonjwa wa kiti cha pili alikuwa na ganzi, akajaribu kushangilia, mate yakamtoka. Watu wa duka la viatu walipanda kuuliza kama kuna harusi. Nikawaambia, ndiyo, ipo.

Njoki akauliza swali lake. Lilikuwa moja, alilitunza mwaka mzima. "Naweza kula mahindi? Yenyewe? Na meno?"

Daktari akakunja uso. Ya kuchoma hapana, akasema, na alisema hapana mara tatu kwa sababu aliulizwa mara nne. Lakini ya kuchemsha, machanga, yaliyoiva vizuri, aume kwa pembeni, taratibu, ndiyo.

Tukashuka wote watatu, mimi na koti langu jeupe. Pale kona kulikuwa na mama muuza mahindi na sufuria yake inayotoa mvuke. Mama Njoki akachagua moja laini, akalipa, na bila hata kuangalia akaanza kupukuchua. Kidole gumba kinasukuma, punje zinaanguka kiganjani, kazi aliyoifanya kila msimu tangu yale meno yaanze kucheza. Alikuwa ananiambia mambo ya kanisa huku kidole kikienda chenyewe. Njoki akaweka mkono wake juu ya mkono wa mama. Akalichukua lile gunzi.

"Mama, acha," akasema. "Hiyo ni kazi ya hawa."

Akauma. Kwa pembeni, taratibu, jinsi alivyoagizwa. Akatafuna na macho amefunga, akauma tena. Mama Njoki alibaki amesimama katikati ya jiji, watu wakimpita kushoto na kulia, kiganja kimejaa punje ambazo hakuna aliyezihitaji. Akanigawia mimi. Tukazila pale pale, tukilia na kucheka, na yule muuza mahindi akatuuliza kama ni chumvi imezidi.

Baada ya hapo walikuja wengine. Mama Njoki aliwaleta, kutoka Kawangware, Kangemi, Dagoretti, wazazi waliokuwa wameambiwa lile neno uchafu mbele ya watu. Wengine tuliwaokolea meno, wengine tulichelewa, na sitawadanganya kwamba kila kwaya ilibaki kamili. Lakini hakuna hata mmoja aliyetoka kwetu bila kuelezwa habari ya ile spika ya tatu. Na lile neno tulilipiga marufuku kwenye faili zetu. Andikeni ukoga kiasi gani, damu wapi, mfuko wa kina gani. Uchafu ni wa ngazi za lile jengo la zamani.

Sasa mlikuwepo mlipoifanya sherehe yangu hapa Westlands, kwa hivyo mnajua nilivyoomba kusema machache. Nilisema habari za lifti, za ukucha, za Daktari Oluoch, Mungu amlaze pema. Nilipofika kwa mpira wa baiskeli mlianza kuangalia keki. Niliwaona! Ni Njoki aliyekuwa mstari wa mbele, sketi aliyoshonewa na mama yake, mwanamke mzima sasa, aliyenyoosha mkono juu na kukunja ngumi.

Nikanyamaza. Mlicheka, lakini mimi sikuwahi kuvunja ile sheria na sikuwa naanza siku hiyo. Yeye akasimama, akageukia watu, akafungua mkono, akaimba. Wengi wenu mlifunga macho kusikiliza. Mimi siwezi, miaka yote hii imeniharibu, mtu akifungua mdomo mbele yangu naangalia ndani. Nikainama kidogo, nikahesabu soprano. Walikuwa wanne, wote mahali pao, pamoja na yule anayefungua mdomo tu.